Namna ya kuifundisha kwaya ya parokia "Ave verum corpus" ya William Byrd

Kwaya nyingi za Kikatoliki kwetu zinaijua Ave verum ya Mozart, ya mwaka 1791, ile inayotanguliwa na kinanda kabla sauti hazijaingia. Iko nyingine ya maneno hayo hayo, iliyochapwa London mwaka 1605, ya Mwingereza William Byrd. Ni ya sauti nne, haina kinanda, inachukua dakika nne hivi, na kwa maoni yangu hakuna mlango mzuri kuliko huo wa kuingilia muziki mtakatifu wa mwisho wa Renesansi. Wengi huanza na Palestrina, mtunzi wa Roma wa enzi hizo hizo, kwa sababu ndiye mwenye jina, kisha wanakwama: sauti zinaingia kwa kupishana, kila moja na neno lake kwa wakati wake, na kwaya isiyozoea inapotea kabla ukurasa wa kwanza haujaisha. Byrd, kwenye wimbo huu, anawaweka waimbaji wote kwenye neno moja kwa muda mrefu. Anawatawanya karibu na mwisho tu, wakati wameshazoeana.

Ninamwandikia mwalimu wa kwaya ya kawaida, yenye watu kumi na wawili hadi thelathini, wengi wao wasomaji wa solfa (do, re, mi), wachache wasomaji wa nota za mistari. Kwaya inayosoma kidogo itauweza wimbo huu kwa mazoezi sita au saba. Isiyosoma kabisa itahitaji mara mbili ya hayo, lakini itauweza.

Anza na habari za mtunzi

Usiruke hatua hii, maana ndiyo itakayokusaidia kuwapunguzia watu sauti bila kugombana nao.

Byrd alikuwa Mkatoliki katika nchi ambayo Misa ilikuwa imepigwa marufuku. Aliimba katika kikanisa cha ikulu cha Malkia Elizabeth I, na mwaka 1575 malkia alimpa yeye na mwenzake mkubwa Thomas Tallis haki ya pekee ya kuchapa muziki. Wakati huo huo jina la familia yake lilikuwa likiandikwa kwenye orodha za wanaokataa kuhudhuria ibada ya kanisa la serikali. Miaka ya 1590 alihamia Stondon Massey, katika jimbo la Essex, jirani na familia ya kitajiri ya Petre, ambao Misa ilisomwa nyumbani kwao kwa siri. Katika miaka hiyo alichapa Misa zake tatu, ya sauti tatu, ya nne na ya tano, na vitabu vyake havikuwa hata na ukurasa wa jina. Ave verum imo katika mkusanyo wake uitwao Gradualia. Ulipotoka mwaka 1605, Mfaransa mmoja alikamatwa London kwa kukutwa na vitabu hivyo.

Waeleze wanakwaya hivyo: wimbo huu haukutungwa kwa ajili ya kanisa kuu lenye mwangwi. Uliimbwa chumbani na watu wachache, mlango umefungwa, padre akiwa mtu anayetafutwa. Hakuna aliyepaza sauti hadi jirani asikie. Ukishasema hayo, hutahitaji kupiga kelele "punguzeni!" kila baada ya dakika.

Wenzake wa Ulaya bara waliishi maisha mengine kabisa. Giovanni Pierluigi da Palestrina, aliyefariki Roma mwaka 1594, alifanya kazi katikati ya Kanisa lenyewe, ingawa naye yalimkuta: mwaka 1555 aliondolewa kwenye kwaya ya Kikanisa cha Sisto, kikanisa cha Papa, kwa sababu alikuwa na mke. Tomás Luis de Victoria, Mhispania wa Ávila, alikuwa padre, na hakuacha wimbo hata mmoja usio wa ibada. Utakutana pia na hadithi kwamba Palestrina aliiokoa polifonia, yaani muziki wa sauti nyingi zinazopishana, isifutwe na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, kwa kuwaimbisha makardinali Misa ya Papa Marcello. Ni hadithi tamu, lakini usiifundishe kama historia. Mwaka 1562 Mtaguso ulikataza muziki wenye mambo machafu na ya anasa kanisani, na baadaye makardinali waliokabidhiwa suala hilo wakahimiza maneno yasikike. Papa Marcello II mwenyewe alikaa madarakani wiki tatu tu, Aprili 1555.

Tafuta nota, kisha zikague

Nota zinapatikana bure kwenye tovuti za Choral Public Domain Library na IMSLP. Mtunzi alifariki mwaka 1623, kwa hiyo wimbo wenyewe hauna hakimiliki, ila mtu aliyeuandika upya kwenye kompyuta anaweza kuwa ameweka masharti yake chini ya ukurasa. Yasome kabla hujaenda kutoa kopi.

Utakuta matoleo mengi. Unapochagua, kumbuka kwamba vitabu vya 1605 vilichapwa kila sauti na kitabu chake: kila mwimbaji aliona mstari wake peke yake, bila mistari ya kugawa vipimo, bila alama ya kuimba kwa nguvu au polepole. Alama zozote za namna hiyo unazoziona ni mawazo ya mhariri. Zingine ni nzuri, lakini hulazimiki kuzitii. Mimi hupendelea toleo lisilo na alama hata moja, kwa sababu mwanakwaya akishaona herufi ya kuimba kwa nguvu, basi, atabaki kwenye nguvu hadi Amina.

Kama kwaya yako inatumia solfa, andika mwenyewe kwa mkono au kwenye kompyuta, na uziweke sauti zote nne pamoja kwenye kila mstari. Usimpe mtu karatasi ya sauti yake tu. Waimbaji wa Byrd walisoma hivyo kwa sababu walikuwa wamezoea tangu utoto. Wetu wanahitaji kuona jirani anafanya nini. Matoleo mengi yako kwenye G maina (minor), kwa hiyo Do ni B♭ na wimbo unaanzia kwenye La. Liandike hilo juu kabisa ya karatasi.

Panga sauti na kimo

Katika muziki wa enzi hizo alto mara nyingi iliimbwa na wanaume, hivyo inashuka mahali ambapo akina mama wengi wanabaki na pumzi tu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha wimbo wote kwa nusu hatua au hatua moja. Kimo cha enzi hizo hakikuwa kimefungwa kwenye mtambo wowote, kwa hiyo hutakuwa umemkosea Byrd. Ya pili ni kumhamishia alto tenor mmoja au wawili wenye sauti nyepesi. Kwa kawaida mimi hufanya yote mawili: napandisha kidogo na kuongeza mwanaume mmoja.

Kuhusu idadi, watatu kwa kila sauti wanatosha. Ukiwa na thelathini, jaribu siku moja kuchagua kumi na wawili waimbe na wengine wasikilize. Kwaya yenyewe itaamua.

Fundisha maneno kabla ya sauti

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo walimu wengi wanapoharakisha. Maneno ni haya:

Ave verum corpus natum de Maria Virgine,
vere passum, immolatum in cruce pro homine,
cujus latus perforatum unda fluxit sanguine,
esto nobis praegustatum in mortis examine.
O dulcis, o pie, o Jesu Fili Mariae,
miserere mei. Amen.

Wape maana yake kwa maneno ya kawaida: Salamu, Mwili wa kweli uliozaliwa na Bikira Maria, ulioteswa kweli na kutolewa sadaka msalabani kwa ajili ya mwanadamu, ambao ubavu wake uliochomwa ulibubujika damu. Uwe kwetu kionjo katika saa ya jaribu la kifo. Ee mpole, ee mwema, ee Yesu Mwana wa Maria, unihurumie.

Katika matamshi, msemaji wa Kiswahili ameshafika nusu ya safari, kwa kuwa irabu zetu tano ndizo za Kilatini cha Kanisa. Mengine ni machache. C mbele ya e au i ni "ch", hivyo cruce ni kruche na dulcis ni dulchis. J ni "y": Yesu, kuyus. Ae inasomwa "e": Marie, pregustatum. H ya homine haisikiki. Gu ya sanguine ni "gw". Kama waimbaji wako wanachanganya r na l, simama kwenye dulcis na miserere mpaka zitengane.

Kuna mitego miwili ambayo ni yetu hasa. Wa kwanza ni kuongeza irabu mwishoni: corpusi, natumu, latusi. Dawa yake ni kuwafanya wafunge midomo pamoja kwenye "m" kwa ishara ya mkono wako, na kuifanya "s" iwe fupi mno, ikiwezekana itamkwe na mtu mmoja au wawili tu kwa kila sauti. Wengine waimbe "corpu" na kunyamaza. Msikilizaji aliye kwenye viti hatagundua.

Mtego wa pili ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mdomo wetu unafanya hivyo wenyewe. Sasa tazama mistari minne ya kwanza inaishia wapi: Virgine, homine, sanguine, examine. Yote minne ina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. VIR-gi-ne, HO-mi-ne, SAN-gui-ne, e-XA-mi-ne. Kwaya ikiachwa ijiendee itaimba "vir-GI-ne", na kila mwisho wa mstari utakuwa kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Byrd ameyatungia maneno haya muziki kwa kufuata uzito wake wa asili, na ukiyatamka sawasawa, nusu ya ufasiri wa wimbo imekwisha kujipanga bila wewe kusema kitu.

Zoezi lenyewe: someni mstari pamoja kwa sauti ya kawaida, kama mnavyosali. Halafu usomeni kwa mapigo ya wimbo, bila tuni. Halafu uimbeni wote kwa nota moja. Msifungue sauti nne kabla ya hapo.

Sauti kwa sauti, lakini kwa vipande

Gawanya wimbo kufuata sentensi. Achana na vipimo. Kipande cha kwanza ni hadi Virgine, cha pili hadi homine, na kuendelea. Kwa kila kipande anza na besi na soprano pamoja, kwa sababu hao wawili ndio wanaoshika ukuta, kisha weka tenor, mwisho alto. Mazoea ya kumfundisha soprano kwa saa nzima huku wengine wakichezea simu ndiyo yanayozaa kwaya yenye sauti moja na wasindikizaji watatu.

Mahali pa kwanza pa hatari pako mwanzoni kabisa. Kwenye silabi ya mwisho ya Ave, soprano wana nota iliyopandishwa, F♯, ambayo kwenye solfa yetu ni "se". Papo hapo, kwenye neno verum, besi wanaingia na F ya kawaida, yaani "so". Sikio la mwanakwaya mzuri litakuambia kuna aliyekosea, na besi watataka kupanda ili wakubaliane na soprano. Wakatalie. Mgongano huo ni wa makusudi, na ulipendwa sana Uingereza enzi hizo. Nao umeangukia kwenye neno "kweli", katika nchi ambako kuamini kwamba huo ni Mwili wa kweli kulikuwa kunawafunga watu jela. Mimi sidhani kwamba imetokea kwa bahati.

Kufundisha hapo, waambie soprano waimbe "se" na kuishikilia. Wakishanyamaza, besi waimbe "so" peke yao. Rudia mpaka besi waingie bila kusita. Kisha punguza nafasi kati yao hadi zikutane. Usipige kinanda, kwani kikipiga zote mbili kinawachanganya zaidi.

Mkono wa mwalimu

Muziki huu una mapigo, lakini hauna ngoma ndani yake. Wakati wa Byrd kiongozi alishusha na kupandisha mkono kwa mwendo ulio sawa, chini, juu, chini, juu, na maneno ndiyo yaliyoamua wapi pana uzito. Fanya hivyo hivyo. Ukiongoza kwa kuchora mapigo manne yenye nguvu kwenye la kwanza, kwaya itaukanyaga mwanzo wa kila kipimo, na mistari ile haikuwepo kwenye kitabu cha Byrd.

Mwendo uwe ule ambao mtu anaweza kusema sentensi moja kwa pumzi moja bila kuhangaika. Ukienda polepole mno kwa kudhani ndiyo utakatifu, watu wataanza kupumua katikati ya maneno. Palipo na sentensi ndefu, pumueni kwa kupokezana: anayepumua anaacha kimya, anarudi kimya, na jirani yake hapumui wakati huo.

Na tafadhali, kile kinanda chenye biti za kujipiga kizimwe kabisa. Nimewahi kuusikia wimbo huu ukipigiwa rumba ya mashine. Siongezi neno.

"O dulcis" hadi "miserere"

Hapa pumzika na utumie mazoezi mawili mazima. Kwenye O dulcis, o pie, soprano wanatangulia na sauti tatu za chini zinaitikia. Kwaya zetu zinajua kuitikia, hilo halihitaji somo. Linalohitaji somo ni kwamba anayetangulia asiimbe kama mwimbishaji anayetangaza. Ni mtu anayemwita Yesu kwa jina, na wengine wanaongeza. Acha nafasi ndogo ya kimya kati ya mwito na mwingine. Walimu wengi wanaijaza kwa hofu.

Kisha inakuja miserere mei, na kwa mara ya kwanza sauti zinaachana. Kila moja inaingia na miserere yake, nyingine ikiwa katikati ya neno. Fanya hivi: kila sauti ijifunze kipande hiki peke yake hadi ikijue bila karatasi. Halafu waweke sauti mbili mbili: soprano na tenor, alto na besi, kisha badilisha. Halafu wote wanne, lakini wanaoimba miserere kwa wakati huo wainue mkono wanapoingia, ili kila mtu aone neno linavyohama. Mwishowe waambie kanuni moja tu: ukiingia, sikika, ukishaingia, mpishe anayefuata. Kanuni hiyo itawafaa kwa Palestrina, Victoria, Lasso na wengine wote wa kipindi hicho.

Mkishaweza, msikilize alto. Ndiye anayepotea kimya kimya hapa huku akiendelea kuchezesha midomo.

Sehemu yote kutoka O dulcis inarudiwa kabla ya Amina. Mara ya pili iimbeni kwa sauti ndogo zaidi ya mara ya kwanza. Byrd hakuandika hivyo, ni shauri langu, na wewe unaweza kugeuza. Wimbo unafungia kwenye kodi ya mejo (major) ingawa umetembea kwenye maina muda wote, kwa hiyo kuna sauti itakayopata "de", Do iliyopandishwa. Hiyo isipoimbwa juu vya kutosha, Amina yote inaanguka.

Kushuka kwa tuni

Bila kinanda, kwaya nyingi zitamaliza chini ya pale zilipoanzia. Pima: toa nota ya kuanzia, imbeni hadi Amina, kisha gusa kinanda mara moja. Mkishuka chini ya nusu hatua, endeleeni na kazi. Mkishuka hatua nzima, tafuta chanzo. Mara nyingi ni nota zinazorudiwa mahali pamoja, ambazo kila marudio yanateremka kidogo, au uchovu wa mwili wa waimbaji waliokaa. Wasimame. Waambie kila nota inayorudiwa waifikirie iko juu kidogo ya ile iliyopita.

Siku yenyewe

Mahali pake ni wakati wa Komunyo au baada yake, katika kuabudu Ekaristi, Alhamisi Kuu jioni, na Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo. Ongea na paroko mapema. Akiuliza kwa nini muziki wa namna hii, Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mwaka 1963, namba 116, inaitaja polifonia kwa jina miongoni mwa muziki unaokubalika. Chapeni tafsiri kwenye karatasi ya nyimbo ili waumini wasali nanyi.

Zima maikrofoni. Kama kanisa ni kubwa, sogeeni mbele na msimame nusu duara, mnaonana nyuso. Chini ya mabati msiimbe mvua ikinyesha. Badilisheni wimbo, uwekeni kwa Dominika nyingine.

Baada ya hapo

Kwaya iliyomaliza hii iingie Popule meus ya Victoria, iliyochapwa Roma mwaka 1585 katika kitabu chake cha Juma Kuu. Sauti zote zinakwenda pamoja na ni rahisi kuliko Byrd, kwa hiyo itawapa raha Ijumaa Kuu. Halafu ndipo ifuate Sicut cervus ya Palestrina, ambayo ni ile Zaburi ya 42 ya ayala anayeonea shauku mito ya maji. Mahali pake pa asili ni Mkesha wa Pasaka, kuelekea kwenye kisima cha ubatizo. Tenor wanaanza peke yao, wanafuata alto, kisha soprano, na besi wanaingia mwisho. Wafundishe wote wanne mstari ule wa kwanza wa tenor kabla ya kugawana karatasi, maana kila mmoja ataurudia kwa zamu yake.